Chumba cha Miguu Minne

Harufu ya mche wa sabuni ukisuguliwa kwenye mbao kavu siwezi kukaa nayo nikatulia. Wenzangu wakinusa vitu vya utotoni husinzia, mimi husimama. Juzi fundi aliyekuja kunitengenezea kabati alipaka sabuni kwenye droo iliyokuwa inagoma, akaisukuma, ikaingia bila kelele, nami nikajikuta nimetoka jikoni, nimezunguka nyumba, nimefika getini, nimerudi, na sijui nilikuwa natafuta nini. Fundi akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, endelea tu. Ningemweleza vipi mtu wa watu kwamba harufu ile imenirudisha Kibaoni, nyumbani kwetu utotoni, ndani ya chumba cha mbao, nimelala kifudifudi jasho likinitiririka, na chini yangu pikapu inarudi nyuma pole pole kuja kumchukua baba yangu?

Baba alikuwa seremala, na alikuwa hatulii. Nadhani mimi nimemrithi hilo, ingawa mume wangu anasema nimemzidi. Chai aliinywa amesimama. Misa aliisikiliza karibu na mlango. Ukimpa kiti alikigeuza kwanza aone kimeunganishwaje chini, akimaliza kukikagua hamu ya kukalia imekwisha. Kazi zake nyingi hazikuwa mjini, zilikuwa kwenye vijiji vya njia ya Mlimba, kuanzia Mbingu na kuendelea mbele: milango, madawati, mabenchi ya kanisani, kenchi za mapaa ya nyumba za watu waliouza mpunga vizuri. Alikuwa akiondoka na sanduku la vifaa, analala kwenye vibaraza vya wateja wake, anarudi na malaria. Safari moja alirudi bila randa yake nzuri. Mtu aliipenda kuliko yeye. Aliporudi safari hiyo alitulia siku nzima, jambo ambalo kwake lilikuwa ni ugonjwa, halafu asubuhi yake akaanza kupima pikapu yake.

Pikapu ilikuwa kuukuu, rangi yake ya mwanzo hakuna aliyeikumbuka. Baba aliipima bodi yake kwa futi, akaipima kwa kamba, akaipima tena kwa mikono kama haamini futi. Kisha pale uani, kati ya mpapai na jiko la Mama, akasimamisha nguzo nne juu ya matofali, na juu ya nguzo akaanza kujenga chumba. Kilikuwa chumba kweli: sakafu ya mbao, kuta, mlango wa nyuma wenye komeo, kidirisha kimoja pembeni. Chini alikifanya chembamba ili kiingie kwenye bodi ya pikapu, juu akakipanua kikawa na mabega ya kulalia kingo zake. Alivyoeleza, siku ya safari pikapu itarudi nyuma ipite katikati ya zile nguzo, iingie chini ya chumba. Matofali yatatolewa moja moja mpaka chumba kikae. Nguzo zitafungwa ubavuni. Akifika kijijini atakisimamisha tena kwenye miguu yake, pikapu ibaki huru kubeba mbao. Majirani walikuja kutazama na kutoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba.

Mama hakuja kutazama. Mama alikuwa na kesi ya mabati.

"Baba Deo, hayo mabati ni ya jiko langu," alisema siku Baba alipoanza kuyapigilia juu ya chumba.

"Jiko lina nyasi, Mama Deo. Nyasi bado nzima."

"Zinavuja. Wewe hujui kwa sababu hupiki."

"Nitaleta mengine."

"Utayaleta kutoka wapi, na wewe hukai?" Misumari ilikuwa imemjaa Baba mdomoni. Mama akaokota ufagio. "Basi nenda na hilo jumba lako."

Kwa watu wazima maneno kama hayo hupita. Leo mimi mwenyewe huyasema mara mbili kwa wiki. Lakini nilikuwa mtoto, nimekaa juu ya kinu kilicholala pale, na neno "nenda" nikaondoka nalo.

Rafiki yangu Restituta, tuliyepakana naye ua, ndiye aliyenieleza maana yake. Restituta alikuwa na utaalamu wa jambo hili. Baba yake alikwenda upande wa Malinyi kulima mpunga, akasema anarudi baada ya mavuno, na mpaka wakati ule walikuwa wamepata kwake gunia la mchele na salamu, basi. Sikiliza, aliniambia, baba akienda na jembe anarudi. Akienda na baiskeli anarudi. Akienda na godoro, ndiyo amekwenda. Wao baba yao alilifunga godoro nyuma ya baiskeli, na Restituta mwenyewe ndiye aliyeshika kamba.

"Baba yako ana godoro?" akaniuliza.

"Hana," nikasema, na kwa siku kadhaa nikapumua.

Kisha godoro likaja. Lilikuwa lile la kitanda cha wageni, pana, la kulala watu wawili. Baba alilitandaza uani, akapiga mstari kwa chaki, akalowesha kisu cha mkate akalikata katikati kwa urefu, huku vipande vidogo vya sponji vikipeperuka na kuku wakivifukuza wakidhani ni chakula. Nusu moja akaiingiza kwenye chumba. Ile nyingine sikuona ilipokwenda. Niliitafuta. Niliitafuta chini ya vitanda, juu ya dari, nyuma ya magunia ya mpunga, hata kwa Restituta niliitafuta, kwa kisingizio cha kucheza kombolela, ule mchezo wa kujificha. Mtu anayeondoka kwa muda haligawi godoro. Akili yangu ya mtoto ilifika hapo, haikuweza kuendelea wala kurudi.

Siku Baba alipokwenda kununua bawaba niliingia ndani ya chumba kukipima mwenyewe. Kitanda kilikuwa kimejengewa ukutani, na mbele yake, kutoka ukingoni mpaka sakafuni, palikuwa na ubao mpana uliokiziba chini kama sanduku. Nikalala. Nikanyoosha mikono. Mkono mmoja ukagusa ukuta, mwingine ukaning'inia nje. Nyumbani kwetu Baba alilala upande wa mlango na Mama upande wa ukutani, kama ilivyo kwa watu wengi wa kwetu. Mwanaume awe wa kwanza kukutana na mwizi au nyoka. Mimi nilipokuwa mdogo zaidi niliwahi kulala katikati yao, kwa hiyo pande hizo nilizijua vizuri. Humu hamkuwa na pande. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, mwembamba, asiye na mke.

Tangu hapo sikukaa mahali. Nilimfuata Baba chooni nikamngoja nje. Shuleni mwalimu alinihamisha dawati kwa sababu niligeuka kutazama barabara kila gari lilipopita. Chakula nilikula nusu nikaenda kuchungulia kama nguzo bado zipo. Mama alinipikia majani ya mpera akidhani nina minyoo. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua, naye ni Restituta, ambaye kila siku aliniuliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kufiwa: "Bado hajaenda?"

Siku ya kupakia chumba ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, vumbi limekaa juu ya kila kitu. Mjomba Gaspa, mdogo wake Mama, alikuja makusudi kutoka kwenye mashamba ya miwa alikokuwa dereva wa trekta. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi na shingo nene, na aliamini hakuna kitu duniani ambacho yeye hawezi kukirudisha nyuma.

"Shemeji, umeacha nafasi kiasi gani?" akauliza.

Baba akamwonyesha kidole kimoja. "Kulia hivi. Na kushoto hivi."

"Kidole?"

"Ningeacha zaidi kingecheza njiani, kivunje kingo."

Mjomba akakitazama kile kidole, akaitazama pikapu, akatema mate pembeni. "Hapa tusali kwanza," akasema, na sijui kama alikuwa anatania.

Walihitaji jicho ndani. Kutoka nje hakuna aliyeweza kuona mbele, pale chumba kingekutana na kioo cha nyuma cha pikapu. Na sakafuni, mbele ya kitanda, Baba alikuwa ameacha ubao mmoja bila kuupigilia. Mtu mdogo angeweza kulala kifudifudi, achungulie chini, aseme pikapu imefika wapi. Deo, kaka yangu, alikuwa mkubwa mno, miguu yake ingetoka mlangoni. Basi nikanyanyuliwa mimi. Leo ningemsema mzazi yeyote atakayemweka mtoto juu ya nguzo nne na kurudisha gari chini yake, lakini siku ile nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Kikiingia, nami nimo. Hawezi kuondoka na chumba bila kuondoka na mimi.

Ndani palikuwa na joto la mabati mapya na harufu ya maranda. Kupitia ufa niliona ardhi ya ua wetu, maganda ya karanga, unyayo wangu mwenyewe. Kisha injini ikaguruma na kivuli kikaingia.

"Njoo," Baba alisema upande wa kulia. "Njoo. Njoo. Kata kidogo. Njoo."

"Kushoto inagusa," ilikuwa sauti ya Mama. Nilishangaa. Sikujua hata kama alikuwa ametoka ndani.

"Imegusa au inakaribia?"

"Nimesema inagusa, Baba Deo."

Pikapu ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda mbele, ikarudi. Kila ilipoingia niliona chuma cha bodi kikipita chini ya pua yangu, na kila mara nilisema nilichokiona, kwa sauti ya uaminifu kabisa, kwa sababu kumdanganya Baba kuhusu kipimo ilikuwa dhambi kubwa kuliko zote nyumbani kwetu. Moyoni nilikuwa naomba kisiingie. Nilimwomba Mungu, nikamwomba na mtakatifu wa jina langu, na nikaahidi vitu ambavyo sikuwa navyo.

Ilipofika nusu, ikakwama. Chumba kizima kilitoa mlio, kikayumba juu ya miguu yake, na kupitia ufa niliona nguzo moja ikihama kidogo juu ya tofali.

"Gaspa, simama hapo hapo," Mama alisema bila kupaza sauti. "Mtoto yumo ndani."

Injini ikazimwa. Nikasikia kuku. Baba akaniita nishuke. Nikasema sishuki. Akaniita tena, nikashika ukingo wa kitanda. Nje mashauri yakaanza: Mjomba alitaka kusukuma kwa nguvu mara moja tu, akisema mbao ni kama ng'ombe, zikiona unasitasita zinakudharau. Jirani mmoja akashauri kukata bodi ya pikapu. Baba alitaka kukishusha chote, apige randa upande wa kushoto, ajaribu wiki ijayo. Wiki ijayo ilikuwa neno tamu. Nilisikia Mama akiondoka, kandambili zake zikienda jikoni, nikajua imekwisha. Mama amechoka. Atarudi na kusema teremsheni mabati yangu, na Baba atabaki.

Alirudi na mche wa sabuni na kopo la maji.

Kidirisha kilikuwa juu ya kichwa changu. Nikainuka nikamwona usoni, karibu sana, ana vumbi kwenye nyusi. Alikuwa anajaribu kupitisha mkono kwenye ule upenyo, kati ya mbao na chuma, na mkono haukupita. Akautoa, akautazama. Kisha akapaka sabuni kwenye kidole, akaizungusha pete yake ya ndoa, akaivua.

Sikuwahi kuona kidole kile bila pete. Chini yake palikuwa na mstari mweupe, laini kama ngozi ya mtoto mchanga.

"Nishikie," akaniambia, akanipitishia dirishani.

Nilibaki na pete ya mama yangu kiganjani, ina povu, na nikaelewa kila kitu vibaya kwa mara moja. Hakuwa anamzuia. Alikuwa anamsindikiza. Alisugua sabuni kwenye mbao, akalowesha, akasugua tena, mkono wake ukiingia kwa ubapa, akazunguka upande wa pili akafanya vilevile, na ile harufu ikapanda kupitia ufa wa sakafu ikajaa chumba: sabuni, mbao, bati la moto. Nililia bila sauti. Kilichoniuma hakikuwa tena Baba kuondoka. Kilichoniuma ni kwamba Mama alikuwa anamlainishia njia.

"Sasa njoo," alimwambia Mjomba. "Taratibu. Njoo. Njoo."

Kikaingia. Hakikupiga kelele hata kidogo. Niliona kioo cha nyuma cha pikapu kikija, kikija, na shingo nene ya Mjomba ndani yake, nikasema simama, ikasimama, na pale palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole.

Watu walipiga makofi kana kwamba timu imefunga. Matofali yalitolewa, chumba kikashuka kikakaa, na mimi nikashuka nacho. Baba alifungua mlango wa nyuma akanikuta kwenye kona ya kitanda, magoti yamekutana na kidevu. Akaingia, akakaa. Ni mara chache sana nilimwona amekaa.

"Unaogopa?" akauliza.

"Unakwenda na godoro."

"Ehe. Ulitaka nilale juu ya misumari?"

"Nusu nyingine iko wapi?"

Akanitazama, akaonekana kama mtu aliyeguswa mahali pasipoguswa. Akakuna shingo. "Ipo," akasema. "Kila kitu kipo. Shuka, mama yako anataka pete yake."

Kama angenijibu vizuri siku ile ningekuwa mtu mwingine, pengine mtu mtulivu. Lakini wazazi wetu hawakuwa watu wa kujibu. Mama alichukua pete, akaivaa juu ya sabuni iliyokauka, akaenda kukoroga ugali. Jumatatu Baba akaondoka, chumba kikiyumba mgongoni mwa pikapu, na Restituta akanishika mkono.

Baba alirudi. Lazima niseme hivyo haraka, kwa sababu nyinyi mnaosoma mna haki ya kujua kitu ambacho mimi nilikisubiri wiki nyingi. Alirudi na samaki wa kukaushwa na vumbi masikioni, akakaa siku chache, akaondoka tena. Akarudi tena. Restituta alisema wengine huanza hivyo, wanarudi kidogo kidogo mpaka wanaacha, na nikamwamini. Kila safari niliihesabu kuwa ndiyo ya mwisho. Nililala macho wazi siku za kuamkia safari zake nikisikiliza kama anabeba kitu kipya. Niliolewa, nikahamia mbali, nikazaa, na bado simu ikilia asubuhi sana nilikuwa najiambia: amekwenda.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo sikulitilia maanani. Mama naye alikuwa anaondoka. Alikwenda shamba. Sisi tuliokulia kwenye bonde la mpunga tunajua neno hilo lilivyo zito: ukiambiwa fulani kaenda shamba, umemaliza kuuliza. Masika familia nzima zilihamia kwenye mpunga, zinaishi vibandani miezi mingi, zinafukuza ndege na nguruwe pori, na mjini hubaki wagonjwa na wenye maduka. Kwa hiyo Mama alipofunga kifurushi, akamwita shangazi aje kukaa nasi, akasema anakwenda kutazama shamba la Mbingu, hakuna aliyenyanyua kichwa. Alirudi baada ya wiki, ana kitenge kipya, anaimba pambio huku anafua. Miaka mingi ilikuwa hivyo, na mara zote ilikuwa kiangazi. Mimi, mtoto wa mama mkulima wa mpunga, niliyejua kuwa kiangazi shambani mna mabua na ng'ombe wa Wasukuma tu, sikuwahi kujiuliza alikuwa anatazama nini.

Baba alifariki mwaka huu, masika yalipokuwa yanaisha. Aliugua muda mfupi. Hata kufa alikuwa na haraka. Tulipomaliza arobaini ndugu walitawanyika, nikabaki na Mama na Deo kule Katindiuka, Baba na Mama walikohamia uzeeni. Chumba kilikuwepo, mwisho wa ua, kimesimama kwenye miguu yake minne, kuku wamekifanya chao. Pikapu ilikufa zamani. Deo alisema mbao zimechoka lakini mabati yanafaa kwa banda la nguruwe, na kwamba angeleta kijana wa kukivunja kesho yake. Mama akachukua ungo akaenda jikoni. Mimi sikuweza kukaa na waombolezaji wa mwisho mwisho, wale wanaokuja kwa ajili ya chakula, nikachukua ufagio nikaenda kukisafisha. Kusafisha kitu kinachovunjwa kesho, ndiyo akili yangu.

Kitanda kilikuwa palepale, na nusu ya godoro juu yake, nyeusi kwa uzee. Nilipoufagia ule ubao mpana wa mbele, ufagio ukagusa chuma. Nikainama. Ubao ule haukuwa umepigiliwa. Juu, ukingoni mwa kitanda, ulikuwa na bawaba, tatu, za shaba, zile alizokwenda kununua siku ile nilipoingia kupima. Katikati zilikuwa zimelika kwa kufunguliwa na kufungwa. Nikauvuta ubao ukagoma. Ulikuwa umevimba kwa mvua. Nikakaa sakafuni nikazitazama bawaba zile kwa muda ambao kwangu ni mrefu.

Mama alikuwa jikoni, anachambua mchele. Jiko lina bati sasa.

"Mama," nikasema, "kiangazi ulikuwa unakwenda kufanya nini shambani?"

Hakuinua macho. "Shamba ni shamba."

"Kiangazi?"

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka.

"Una watoto wakubwa," alisema, "na bado unaniuliza swali hilo?"

"Mimi nilidhani anatuacha. Miaka yote, Mama. Uliponipa pete nikajua mmeachana."

Kicheko kikakatika. Akaweka ungo chini. "Wewe? Kumbe ndiyo maana ulikuwa huli?" Akanitazama kama ananiona mimi na yule mtoto kwa pamoja. "Upenyo ulikuwa mdogo, mwanangu. Pete ingebaki humo. Na mimi nilikuwa na hamu kile chumba kiingie kuliko yeye. Nyumba ile ilikuwa na watoto na wageni kila kona. Tungeongea wapi?"

Akasimama, akachukua mche wa sabuni pale kwenye karo, akatangulia. Anatembea kwa kuchechemea siku hizi, lakini siku ile nilimfuata kwa haraka. Alipanda ndani ya chumba kama mtu anayepajua, akapiga magoti, akasugua sabuni pembeni mwa ubao, juu, chini, akavuta, akasugua tena. Ubao ukanyanyuka bila kelele ukalala juu ya kijiti chake, na kitanda kikawa cha watu wawili. Chini yake, imekunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani, palikuwa na ile nusu nyingine ya godoro, imevishwa kitenge.

Tukaitandaza. Nusu mbili zilikutana vizuri, mstari wa chaki haukuonekana. Ndipo nikaona: kile kitanda chembamba nilichokipima kwa mikono yangu, kile nilichodhani ni cha mwanaume asiye na mke, kilikuwa upande wa ukutani. Kilikuwa cha Mama. Mahali pa Baba ndipo palipokuwa pamekunjwa.

Mama akavua kandambili, akapanda, akajisogeza mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Upande wa mlango akauacha wazi. Alilala pale amefumba macho, mkono umelalia ile nafasi, na harufu ya sabuni imejaa chumba kama siku ile. Nikasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kwenda popote.

"Baba yako hakukosea kipimo," akasema. "Tulikuwa tunatosha."